Shikeni Vigumba vya Mishale Yenu



Sikukuu ya Idi iliyopita mjukuu wangu wa miaka saba aliingia ukumbini na bastola ya plastiki aliyoinunua kwa mkono wake wa Idi, akamwelekezea mama yangu, akafyatua. Watoto walicheka. Mama hakucheka, alijifunika uso kwa mtandio. Tulikuwa Al Amerat, penye amani, lakini yeye kwa dakika ile alikuwa Unguja, Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964.

Aghalabu mlio wa bunduki tuujuao hapa ni wa furaha, ule wa razha, harusini na sikukuuni. Kwa hiyo tulishtuka sana usiku wa Jumatatu, tarehe 15 Julai 2024. Huko Wadi al-Kabir, ng'ambo ya milima yetu kwa njia ya Wadi Adai, watu watatu waliwapiga risasi waumini waliokusanyika katika Msikiti wa Imam Ali kwa ajili ya Ashura. Walikufa Wapakistani wanne, Mhindi mmoja na askari polisi mmoja. Watu 28 walijeruhiwa. Washambuliaji, ndugu watatu Waomani, waliuawa pia. Kundi lijiitalo Dola ya Kiislamu lilidai kuwa tendo hilo ni lake.

Jamaa zetu wa Nairobi walikwisha kuyaonja hayo huko Westgate, Septemba 2013, zilipopotea roho 67. Na Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, waumini 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Muuaji wa Christchurch aliwachukia Waislamu. Wale wa Wadi al-Kabir walijinasibisha na Uislamu. Mayatima hawaoni tofauti. Kabla ya bunduki kushikwa, chuki ilikwisha kushika moyo.

Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwa vigumba vyake, asije akamdhuru Mwislamu. Alionya pia kuwa malaika humlaani amwelekezeaye nduguye chuma, hata akiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Angalieni: maonyo hayo hayakungoja damu imwagike.

Basi nasi wazee tushike vigumba vyetu. Kwanza, tusiwanunulie watoto mchezo wa kuua, kisha tukashangaa wakiuzoea. Pili, harusini tusiruhusu risasi za moto: risasi iendayo juu hurudi chini, nayo haichagui kichwa. Tatu, na hili ndilo zito, tuchunge ndimi zetu mezani. Mtoto anayemsikia babake akidhihaki madhehebu ya jirani, au akimwita Mhindi au Mpakistani kwa jina la dharau, amekwisha kukabidhiwa mshale. Kilichobaki ni upinde.

Jioni ile nilimweka mjukuu wangu kando nikamsimulia kwa nini bibi yake mkubwa alijifunika uso. Alisikiliza, kisha akauliza, "Babu, kwani nimemuumiza?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Nenda kamwombe radhi."

Alikwenda, akambusu mkono. Mama akamkalisha mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimhadithia mtoto habari za Januari ile. Nami niliyezaliwa naye nilikuwa sijawahi kumwuliza.