VPN ya Kazi, Wi-Fi ya Chuo na Pesa Zako

Unasoma chuo Voi ama Ngerenyi, jioni unafanya kazi ya mtandaoni, na Wi-Fi ya chuo inakataa kufungua mfumo wa mwajiri? VPN husaidia: hufunga mawasiliano yako kwa siri hadi kwenye seva yake. Lakini sasa mwenye seva ndiye anayeona unakoenda. Kwa hivyo:

- Tumia VPN uliyopewa na mwajiri. Uliza chuo kwanza kama inaruhusiwa.
- VPN ya bure usiyoijua mwenyewe, achana nayo.
- Kabla ya kutuma pesa, zima VPN. Seva ikiwa ng'ambo, programu inaweza kudhani uko ng'ambo na kukukatalia.
- Ama piga USSD. Haipiti kwenye Wi-Fi.

VPN haizuii matapeli. Akipiga mtu akiuliza PIN, kata simu.