Je, Wajua? Tope Linaweza Kusingiziwa Dizeli

Tope la mtambo wa kusafisha majitaka linaweza kuonekana lina petroliamu hata kama halijaguswa na tone la dizeli. Heksani, kiyeyushi kinachotumika maabara kupima tope hilo, huchota mafuta ya kila aina: oili ya gereji, mafuta ya kupikia, hata nta ya majani ya mboga. Kwa hiyo myeyusho unaopatikana hupitishwa kwenye silika jeli, inayonasa mafuta ya chakula na kuyaachia ya petroliamu yapite. Sehemu ya nta hupenya pia, lakini hujulikana kwa alama yake: molekuli zake nyingi zina atomi za kaboni za idadi witiri, hasa 27, 29 na 31. Petroliamu haichagui witiri wala shufwa.