Kabla ya tela kurudi nyuma, hesabu watoto

Nyumbani kwetu Butimba ipo sheria moja iliyo ya zamani kuliko mimi. Lori la baba likifika langoni, mama hutoka jikoni, pengine na mwiko ungali mkononi, akawaita watoto wote barazani. Haridhiki na kuwaambia wakae mbali. Huwahesabu mmoja mmoja kwa kuwagusa vichwa, kisha hutaja idadi kwa sauti. Baba, akiwa bado juu ya kiti chake, huirudia idadi ile dirishani. Hapo ndipo gia ya kurudi nyuma huingizwa.

Tulipokuwa wadogo tuliiona sheria hiyo kuwa ni usumbufu. Leo ninaieleza katika ukurasa huu kwa sababu mwaka huu mdogo wangu amejifunza kulirudisha tela katika uwanja ule ule, na familia nzima tumejifunza pamoja naye, kwa gharama ambayo alhamdulillah haikufikia damu.

Msomaji anayeijua Mwanza hahitaji kuelezwa ufinyu wa viwanja vyetu. Ukitoka mjini kwa barabara ya Shinyanga, ukaipita Mkuyuni, unaingia Butimba kabla hujafika Nyegezi. Na huko, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya jiji hili la miamba, mtu hajengi pale anapotaka bali pale jabali lilipomruhusu. Kwetu, upande wa kulia wa lango pana jabali lenye kimo cha nyumba, na upande wa kushoto pana ukuta wa jirani. Kati yao ni mita 4. Lori lina upana wa mita 2 na nusu. Toa, gawa kwa mbili, na utaona kwamba kila ubavu hubakiwa na sentimita 75, bila kuvihesabu vioo. Tela lenyewe, linaloweza kubeba kontena la futi 40, lina urefu wa zaidi ya mita 12, na ndani hakuna nafasi ya kuligeuza. Kwa hiyo huingia kinyumenyume jioni, dereva akiwa na mwanga, ili alfajiri litoke kwa kwenda mbele. Kutoka kinyumenyume gizani, kuielekea barabara yenye bodaboda na watu waendao msikitini, ni jambo ambalo baba hakulikubali hata siku moja.

Baba ameacha kuendesha kwa sababu ya mtoto wa jicho. Lori hilo ndilo lililotusomesha, nalo lisipotembea hakuna ada wala unga. Mdogo wangu alikuwa ameendesha Fuso kwa miaka mitatu, na leseni ya daraja E alikuwa nayo. Tuliamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe aliyezoea gari lisilo na tela hubeba mikononi mazoea yatakayomponza: usukani akiupeleka kulia, nyuma ya gari lake huenda kulia. Kwa tela mambo hupinduka.

Somo la kwanza halikuwa la lori. Baada ya swala ya Isha baba alitandika mkeka, akachukua viberiti viwili na kuviunganisha kwa uzi na pini. Akamwambia mdogo wangu akisukume kiberiti cha mbele kuelekea nyuma, kisha akipinde kulia. Mkia wa kiberiti cha pili ukaenda kushoto. Akajaribu tena, taratibu zaidi, na matokeo yakawa yale yale. Mpwa wangu wa miaka minane, mwenye gari lake la boksi linalovuta kopo la maziwa, alicheka sana. Yeye hilo alilijua zamani.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza, ingawa mikono huchelewa kuitii. Tela limekaa juu ya magurudumu yake ya nyuma kama ubao wa pembea ulivyokaa juu ya gogo lake. Kichwa cha lori kikiusukuma uso wa tela kwenda kulia, mkia wake hauna budi kwenda kushoto. Baba alimpa hila ya kumsaidia: aushike usukani chini kabisa, mahali palipo karibu na tumbo, mkono ukielekea kushoto, mkia nao huelekea kushoto. Hila hiyo hufaa kwa marekebisho madogo tu. Kwenye kona halisi usukani wa lori huzungushwa mara kadhaa, na mkono haukai chini.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo iwashindayo wengi. Mkia ukishaanza kupinda, dereva hana budi kuurudisha usukani upande wa pili, ili kichwa kilifuate tela katika njia yake badala ya kuendelea kulipinda. Akichelewa, pembe huzidi kuwa kali, kichwa na tela hujifunga kama kisu cha kukunja, kona ya tela huja kugonga kibanda cha dereva, na mipira ya upepo wa breki hukatika. Kabla ya kufika huko dawa ni moja tu: simama, nenda mbele mpaka linyooke, uanze upya. Mdogo wangu aliona haya kwenda mbele, akidhani ni kushindwa. Baba alimwambia kwamba yeye mwenyewe, baada ya miaka thelathini barabarani, bado huenda mbele mara mbili au tatu kabla ya kuliingiza lango letu.

Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja mtupu upande wa Usagara, ambako barabara ya kwenda Sengerema na Geita huachana na ile ya Shinyanga. Mwenye uwanja alituruhusu. Tulichukua madumu ya maji yawe ndiyo kuta na majabali, kwa kuwa dumu likigongwa halidai fidia. Wiki ya kwanza hakukuwa na kona hata moja. Ilikuwa ni kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, polepole kuliko mwendo wa mtu atembeaye, huku mguu ukiwa tayari kwa breki. Kanuni ya zoezi hilo ni fupi: ubavu wa tela ukianza kujitokeza zaidi katika kioo cha kulia, usukani uende kulia kidogo, ukijitokeza kioo cha kushoto, uende kushoto. Kidogo maana yake ni kidogo. Aliye mwanafunzi huzungusha sana, huona tela halijaitika, huongeza, kisha tela huitikia yote mawili kwa pamoja.

Jambo lililonishangaza mimi mtazamaji ni kwamba tela refu si gumu kuliko fupi. Tela fupi la magurudumu mawili, kama lile la nyuma ya pikapu, hugeuka ghafla na kujikunja kabla dereva hajafikiri. Refu huchelewa kuitika, na ucheleweshaji huo humpa mtu muda wa kusahihisha. Gumu kuliko yote ni lile tela lenye ekseli ya mbele inayogeuka na mkono mrefu wa chuma, kwa sababu lina maungio mawili, na kila ungio hupinda kwa hiari yake. Madereva wengi hutafuta njia ya kuzunguka kuliko kulirudisha hilo.

Tena upo upande wa kuona na upande wa upofu. Kwetu dereva huketi kulia. Tela likipindia kulia, humwonyesha ubavu na mkia wake kupitia dirisha na kioo kilicho karibu. Likipindia kushoto, dirisha lake humwonyesha mahali tela lisipokwenda, na tegemeo lake hubaki kile kioo kidogo cha mbali. Kwa hiyo ukiweza kuchagua, lizungushe lori mpaka mlango uwe upande wako wa kulia, hata kama itakulazimu kuzunguka mtaa mzima.

Siku ya mkasa, mdogo wangu hakuzunguka. Zilikuwa zimebaki siku chache kuingia Ramadhani. Alifika baada ya Alasiri, utingo akiwa ameshukia Mkuyuni kwa haja zake, na baba akiwa bado msikitini. Pale kijiweni vijana walikuwa wamekaa wakitazama, na kijana akitazamwa na vijana wenzake hutaka kumaliza jambo kwa mkupuo mmoja. Mama alihesabu watoto, akatamka: sita. Mdogo wangu akajibu: sita. Kisha akarudi nyuma kwa upande wa upofu, bila mtu wa kumwongoza.

Kona ya nyuma kushoto iliugusa ukuta wa jirani. Neno kugusa si langu, ni lake. Ukuta ule ulikuwa ndio ukuta wa jiko la nje, nao uliangukia ndani, juu ya sufuria ya maharage. Mama jirani alikuwa amesimama hapo kitambo kidogo tu, akaondoka kwenda kutia udhu. Tulimsikia akipiga yowe upande wa pili, na kwa muda ambao sikuweza kuupima hatukujua kama ni yowe la hofu au la maumivu.

Sheria yetu ilikuwa imefuatwa. Watoto wote sita walikuwa barazani. Lakini kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumehesabu watoto wa kwetu tu.

Usiku ule baba alimchukua mdogo wangu wakaenda kwa jirani. Matofali aliyabeba kijana mwenyewe, na fundi tukamlipa sisi. Mama jirani aliikataa fedha ya maharage na akasema yeye anashukuru uhai. Hukumu ya baba ilikuwa nzito kuliko tulivyotarajia: miezi miwili mdogo wangu asiguse usukani, awe utingo wa lori la nyumbani kwao, huku dereva wa kukodiwa akiliendesha. Miezi miwili ya kulipa dereva iliipunguza sana mezani futari yetu. Hakuna aliyelalamika mbele ya baba.

Huko chini ndiko alikoujua ufundi. Utingo mzuri husimama mahali ambapo dereva anamwona kiooni, wala hasimami kati ya mkia wa tela na ukuta, kwa kuwa hapo ndipo watu hubanwa. Ishara za mikono hukubaliwa kabla ya kuanza, na mwongozaji huwa mmoja. Wawili wakipiga kelele, mmoja “lete” na mwingine “kata”, dereva hana wa kumsikiliza. Redio huzimwa na dirisha hufunguliwa. Dereva akimpoteza utingo wake kiooni, husimama papo hapo, hata kama ana hakika. Neno “simama” ndilo pekee ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulitamka, hata mtoto, na dereva hulitii kwanza ndipo aulize.

Kuhusu haya ya kushuka na kwenda kuangalia nyuma, inafaa ijulikane kwamba mtihani wa madereva wa malori nchini Marekani una mazoezi ya kurudisha tela, na mtahiniwa huruhusiwa kusimama, kushuka na kutazama, kwa idadi ya mara iliyowekwa. Waliotunga mtihani hawakuona kuwa kushuka ni udhaifu. Baba aliposomewa habari hiyo alisema tu kwamba katika foleni za kivuko cha Kigongo, kabla ya daraja la kilomita 3 kufunguliwa Juni 2025, aliwajua kwa sura wale wasioshuka, na aliwajua pia kwa mikwaruzo ya magari yao.

Kwa wazazi wanaoishi karibu na maegesho ya malori, na siku hizi ni wengi kuanzia Mkuyuni hadi Buhongwa, nina jambo moja la kusema. Vioo humwonyesha dereva mbavu za tela. Nyuma yake kabisa havionyeshi kitu. Mtoto aliyesimama hapo haonekani, awe na kimo gani. Malori mengi yaliyochakaa hayana king'ora cha kurudi nyuma kinachofanya kazi. Na jua letu la kanda ya ziwa hulifanya tela lililoegeshwa kuwa kivuli bora kabisa cha kuchezea mdako. Mtoto aliyezoea kucheza chini yake linapokuwa kimya hataogopa linapowashwa. Kwa hiyo kumkataza asikaribie lori linalotembea hakutoshi. Akatazwe pia kivuli chake.

Miezi miwili ilipotimia, mdogo wangu alirejeshewa funguo. Jioni ile alikuja na mzigo wa saruji, akazunguka kupitia njia ya juu ili lango liwe kuliani kwake. Baba alisimama kando ya jabali, kiganja juu ya jiwe, akisikiliza magurudumu kwenye changarawe kwa kuwa macho hayamsaidii sana saa hizo. Utingo alikuwa mahali pake. Mdogo wangu akashuka, akaenda nyuma, akatazama, akapanda. Akasogea kidogo, akashuka tena. Vijana wa kijiweni walianza kumhesabia kwa sauti: moja, mbili. Aliposhuka mara ya tatu walipiga makofi ya kejeli, naye akawapungia mkono.

Mama alikuwa barazani. “Sita!” akaita.

Kutoka upande wa pili wa ukuta mpya, sauti ya mama jirani ikajibu: “Kwangu wawili, na mimi mwenyewe wa tatu! Niko mlangoni, ninakuona!”

“Tisa,” mdogo wangu akasema dirishani, akazima redio, akaingiza gia.