Adimu Si Lazima Iwe Ghali

Msafiri anayeukaribia mji wa Malaba hulakiwa na foleni ya malori kabla ya kuuona mpaka wenyewe. Hapo, kama ilivyo Busia, kila mchuuzi anajua kwamba bei huamuliwa na aushikaye mlango pamoja na haja ya anayebisha hodi.

Nalikumbuka somo hilo kila nisikiapo ikidaiwa kuwa kobalti, madini ya betri za magari ya umeme, itautajirisha ukanda huu kwa kuwa ni adimu. "Adimu" huhusu uchache. "Ghali" huhusu haja ya mnunuzi. Maneno hayo si visawe.

Tuitazame historia. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe, iliyoyeyushwa Jinja, ilipata njia ya kupitia Malaba hadi Mombasa. Kobalti iliyoandamana nayo ilirundikwa Kasese kwa miaka mingi kama taka. Kiwanda cha kuikamua, kwa kutumia bakteria, kilianza kazi mwaka 1999. Jiwe lilikuwa lile lile. Haja ya dunia ndiyo iliyobadilika.

Leo Kongo hutoa zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ya dunia. Mapema 2018 tani moja ilikaribia dola 95,000. Katikati ya 2019 ilikuwa karibu dola 30,000. Ilipanda tena 2022, kisha ikaporomoka. Ndipo Kinshasa iliposimamisha mauzo ya nje Februari 2025, na Oktoba ikaweka mgawo usiozidi tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vivyo hivyo 2027. Bei ikapanda.

Je, tushangilie? Hasha. Waundaji wa betri, hasa nchini Uchina, wamekwisha kugeukia betri za chuma na fosfeti, zisizohitaji kobalti hata chembe. Mlango ukibanwa mno, mnunuzi hutafuta dirisha.

Wazee wa Bungoma hawahitaji kufundishwa haya. Baridi kali ilipoiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, kahawa ya magendo kutoka Uganda ilimiminika Chepkube, na watu wakatajirika ghafla. Neema ile haikudumu.

Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza kugundua koltani. Kabla ya kuipangia matumizi fedha ambayo hatujaipata, tuamue: tutauza mawe, au tutajenga viwanda? Na bei ingali juu, mapato yaelekezwe shuleni na kwenye reli. Bei ikishashuka, hakuna atakayetusikiliza.