Kompyuta za Zahanati: Tuanze na Watu

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji, Igawa ni mahali ambapo wengi wenu mmepita kwa basi bila kushuka. Iko wilayani Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ukisogea kidogo kuelekea Makambako unaingia Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Mgonjwa wa hapo anaweza kutibiwa Igawa kwenyewe, akapelekwa Rujewa au hospitali ya misheni ya Chimala, akavuka mpaka wa mkoa kwenda Makambako, au akafikishwa hospitali ya rufaa mjini Mbeya. Mgonjwa ni huyo huyo mmoja, lakini kila anakofika huanza kuandikwa upya.

Serikali imeliona jambo hilo. Tangu miaka ya 1990 tunavyo vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kufikia mwaka 2013, taarifa za vitabu hivyo zilikuwa zikijumlishwa nchi nzima kwa programu ya DHIS2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Baadaye ukaja GoTHOMIS, mfumo uliotayarishwa chini ya TAMISEMI kwa ajili ya hospitali, vituo vya afya na zahanati za serikali. Humo mgonjwa huandikishwa, hupimwa, hupewa dawa na hulipa.

Nia ni njema. Lakini kompyuta haijiendeshi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kituo kinapokea wagonjwa 60 kwa siku, na kila mgonjwa anaongeza dakika 4 za kuandika. Hizo ni dakika 240, yaani saa 4 za kazi kila siku. Saa hizo zitatoka wapi? Kama hakuna aliyezipangia mtu, zitatoka kwa muuguzi yule yule anayepima watoto, anayechoma sindano na anayemwangalia mama mwenye uchungu wa kuzaa. Na ikiwa ataagizwa kujaza kompyuta na kitabu cha MTUHA pia, basi mzigo ni mara mbili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye ofisini mjini hauoni uzito wake.

Kwa hiyo mpango wa watumishi hauna budi kuhesabu kazi, si vichwa. Nani ataandikisha mchana, na nani usiku? Anayejua mfumo akienda likizo au akihamishwa, nani atashika nafasi yake? Ofisa wa TEHAMA wa halmashauri anahudumia vituo vingapi, na ana usafiri wa kuvifikia? Mafunzo nayo yafanyike karibu na siku ya kuanza, kituoni penyewe, kisha mwalimu abaki siku kadhaa. Anayefundishwa leo na kupewa kompyuta baada ya miezi mitatu atakuwa amesahau.

Jambo la pili ni mifumo kusomana. Mfumo wa kituo unatakiwa kupeleka takwimu DHIS2, madai kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, maombi ya dawa yanayofika Bohari ya Dawa, na kupata kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Hapa waya peke yake hautoshi. Lazima mifumo ikubaliane kwa maneno. Dirisha la dawa huhesabu vidonge, na bohari huhesabu makopo. Kopo moja likiwa na vidonge 1,000, na mifumo haikuafikiana kipimo, kompyuta inaweza kusema dawa ipo tele huku rafu ni tupu. Jina la kituo likiandikwa kwa namba tofauti katika mifumo miwili, madai ya bima yatakwama na kituo kitakosa fedha.

Tena mtandao hukatika, na umeme pia. Mfumo mzuri huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye, mara moja tu, ili mgonjwa mmoja asihesabiwe mara mbili. Kila daraja kati ya mifumo liwe na wenyewe: mtu mmoja upande huu na mmoja upande ule, wanaojulikana kwa majina na simu, ambao kazi yao ni kuona kilichokwama. Daraja lisilo na mwenyewe likivunjika, kila ofisi hunyooshea nyingine kidole.

Yote haya yana uzito zaidi sasa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na bima haiwezi kulipa kwa taarifa zisizofika. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai siri za mgonjwa zilindwe. Hivyo iamuliwe mapema nani aone nini.

Ndugu wasikilizaji, halmashauri inapopokea kompyuta, diwani asiulize idadi ya mashine peke yake. Aulize majina ya watakaozitumia, zamu zao, na lini muuguzi ataruhusiwa kuacha kuandika mara mbili. Majibu yakikosekana, mashine zisubiri kwanza.