Bendi zapanda ghorofani mitaa ya Eastlands

ANAYEZURU baa za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi jioni ya Ijumaa hukutana na mpangilio unaofanana, awe yuko Buruburu, Umoja, Donholm au Kayole. Chini kuna meza, runinga kubwa ya kuonyesha kandanda ya Uingereza na jiko la nyama choma. Pembeni kuna ngazi nyembamba, na kwenye kidato cha kwanza amesimama bawabu mwenye muhuri wa kuwapiga wateja mkononi. Muziki wenyewe, ule wa magitaa na ngoma zinazopigwa na watu wala si wa santuri, uko juu.

Wengi hudhani huo ni mtindo tu wa vijana wa kisasa. La hasha. Ngazi hiyo ina historia yake, ina hesabu yake ya pesa na ina hatari zake. Ndiyo inayoamua iwapo mcharaza gitaa atapata posho ya kesho, na iwapo mama anayeishi jengo la pili atamlaza mtoto wake leo.

Muziki wa mitaa hii ulizaliwa chini, kwenye sakafu za kumbi za umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, manispaa ya Nairobi ilijitwalia haki ya pekee ya kutengeneza na kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, ikafungua kilabu chake Pumwani. Faida iliyopatikana ilitumiwa kugharamia huduma za Waafrika hao hao. Kwa maneno mengine, mnywaji alijijengea mtaa kwa kikombe chake. Bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Kumbi kama vile Pumwani Memorial na ule wa Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, ndizo zilizokuwa makao ya densi za wikendi. Ukumbi wa Kaloleni ulitumiwa pia kwa mikutano ya siasa, kiasi kwamba ulibandikwa jina la bunge la Waingereza. Mchana ulipokea wanasiasa, usiku ukapokea magitaa.

Wakati huo wanamuziki waliohudumu jeshini walikuwa wamerejea nyumbani na mitindo mipya. Miongoni mwao alikuwa marehemu Fundi Konde, aliyewatumbuiza wanajeshi wa King's African Rifles huko Asia wakati wa vita. Soko la Burma lililoko Shauri Moyo, ambalo hadi leo ni kimbilio la wapenzi wa nyama choma, husemekana kupewa jina hilo kutokana na vita ambavyo askari hao walipigana.

Baada ya uhuru, bendi kubwa zilihamia vilabu vya katikati ya jiji na viunga vyake. Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, iliwasili nchini mwaka 1971. Super Mazembe ilifika Nairobi mwaka 1974, nayo Les Wanyika ikaundwa mwaka 1978. Mashabiki wa Eastlands walilazimika kupanda basi kwenda mjini kuzitazama, kisha wakahangaika kutafuta njia ya kurudi usiku wa manane. Kadiri usalama wa katikati ya jiji ulivyodorora na nauli za usiku zilivyopanda, ndivyo mteja alivyozidi kupendelea kunywa karibu na mlango wake. Wenye baa hawakukawia kuliona hilo.

Hapo ndipo suala la ujenzi linapoingia. Dandora ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Umoja nayo ilijengwa kwa msaada wa Marekani katika mwongo huo huo, ikiwa na nyumba ndogo ambazo mwenyewe angeweza kuziongeza vyumba. Wapangaji wa mitaa walitarajia nyongeza ya chumba kimoja au viwili. Kilichofuata ni kwamba wamiliki wengi walibomoa nyumba hizo na kuinua majumba ya ghorofa tano na sita, maduka yakiwa chini na vyumba vya kupangisha juu.

Katika jengo la namna hiyo, nafasi ya chini ndiyo ghali. Kinyozi, duka la dawa, wakala wa M-Pesa na mwenye bucha wote wanaitaka kwa kuwa inaonekana na mpita njia. Nafasi ya ghorofa ya kwanza haina mshindani mkubwa. Bendi inahitaji eneo pana la jukwaa na la kusakatia densi, nalo eneo kama hilo hupatikana kwa kodi nafuu huko juu. Haihitaji kuonekana, mradi isikike.

Fauka ya hayo, ngazi ni lango. Baa ya chini haitozi kiingilio, kwani mteja angehamia jirani papo hapo. Lakini bendi ikiwa juu, mwenye baa anaweza kuacha mlango wa barabarani wazi na kutoza pesa kwenye ngazi. Mara nyingi mapatano huwa mojawapo ya mawili. Ama bendi inalipwa kiasi kilichokubaliwa, watu waje wasije, ama inachukua mapato ya ngazini huku mwenye baa akibaki na faida ya vinywaji. Mkataba wa pili huvutia wenye baa kwa sababu mvua ikinyesha, hasara ni ya wanamuziki.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini bendi za watu kumi zimekuwa adimu mitaani. Katika miaka ya 1990 mtindo wa Mugithi ulishika kasi, na wasanii kama Mike Rua wakapata umaarufu kwa kutumbuiza peke yao. Neno hilo ni la Kikikuyu na maana yake ni gari moshi, kutokana na namna wachezaji wanavyoshikana kiunoni na kufuatana kama mabehewa. Mtu mmoja, gitaa moja na mashine ya kugonga mdundo. Kwa mwenye baa, huyo ni mshahara mmoja na chakula cha mtu mmoja. Sisi tuliozoea kusikia magitaa matatu yakijibizana na tarumbeta tunaweza kunung'unika, lakini anayelipa ndiye anayechagua.

Kila jamii ina usiku wake. Baa moja inaweza kuwa na rumba siku hii, Mugithi siku ile, benga ya Ukambani wikendi na Ohangla ya Waluo katikati ya wiki, na umati ukabadilika kabisa huku wahudumu wakiwa wale wale. Usiku wa Ohangla ndio unaostahili kutazamwa na mtu anayetaka kuelewa jinsi pesa zinavyozunguka. Kuna desturi inayoitwa pakruok, ambapo mteja husimamisha muziki, hutoa pesa, kisha hujisifu yeye mwenyewe, marafiki zake, wakwe zake na kijiji alikotoka. Akimaliza, ngoma hurindima tena hadi mwingine ainue mkono. Mgeni asiyejua Kidholuo huona kama muziki unakatizwa ovyo. Kumbe hapo ndipo msanii anapopata mkate wake, na pengine kwa usiku mmoja akazidi kile alichoahidiwa na mwenye baa.

Kuna deni jingine ambalo halionekani jukwaani. Bendi nyingi za mitaani hupiga nyimbo za wengine, hasa za miaka ya 1970 na 1980. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mtunzi anastahili malipo wimbo wake unapopigwa mbele ya umma, na anayepaswa kulipia leseni ni mwenye biashara. Mizozo ya muda mrefu kuhusu mashirika ya kukusanya mirabaha, pamoja na malalamiko ya wasanii kwamba wanaambulia vijisenti, imewafanya wenye baa wengi kuiona ada hiyo kuwa usumbufu tu.

Udhaifu wa mfumo huu wote ulidhihirika mwaka 2020. Baa zilifungwa mwezi Machi kutokana na ugonjwa wa Covid-19, na kafyu iliyoanza Machi 27 mwaka huo haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Hata baa ziliporuhusiwa kufunguliwa, zilitakiwa kufunga mapema, saa ambazo kwa kawaida bendi ndiyo kwanza inapasha vyombo moto. Msanii anayelipwa kwa usiku mmoja mmoja hana mshahara wa mwisho wa mwezi wa kumsubiri.

Upande wa pili wa ngazi yuko jirani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinagawa siku mara mbili: mchana huanza saa kumi na mbili alfajiri na kumalizika saa mbili usiku, kisha usiku huanza. Katika eneo lenye mchanganyiko wa makazi na sehemu za burudani, kiwango cha mchana ni desibeli 55. Usiku kinashuka hadi 35, ambazo ni karibu na ukimya wa maktaba. Bendi yenye spika za kawaida hufikia desibeli 100 bila jitihada, na kipimo hiki hakiendi kama mizani ya sokoni. Kila desibeli kumi zinapoongezeka, sikio husikia kana kwamba sauti imeongezeka maradufu.

Sauti iliyotoka kwenye ukumbi wa chini ilizuiwa na kuta za nyumba zilizouzunguka. Inayotoka ghorofani haina kizuizi. Mara nyingi jukwaa liko chini ya paa la mabati, madirisha yako wazi kwa ajili ya hewa, na mkabala wake, hatua chache tu, kuna dirisha la chumba cha kulala kilicho kimo kile kile. Mlio wa gitaa la besi ndio msumbufu zaidi kwani hupenya ukutani na kutetemesha hata vikombe kabatini.

Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi kaunti jukumu la kutoa leseni za pombe, kusimamia burudani na kudhibiti kelele. Mwishoni mwa mwaka 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kuwa vilabu vya usiku havitaruhusiwa tena katika makazi ya watu jijini, hatua iliyowafurahisha wakazi wengi na kuwaghadhabisha wafanyabiashara. Tatizo ni kwamba Eastlands haina mstari unaotenganisha makazi na biashara. Jengo ni moja: duka chini, bendi katikati, wapangaji juu.

Baadhi ya wenye baa hujaribu kujiokoa kwa kubandika godoro la sponji ukutani. Huo ni ushauri mbaya mara mbili. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba lakini haizuii sauti kutoka, kwani kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa mianya. Pili, sponji huwaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu. Mnamo Februari 2003 watu 100 waliangamia katika klabu ya The Station katika jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za bendi zilipowasha sponji kama hiyo. Januari 2013 mkasa unaofanana nao uliua watu 242 katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, ambayo ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Klabu ya ghorofani yenye ngazi moja nyembamba ina mlango mmoja vilevile, tena unaoteremka.

Sakafu nayo ina kikomo. Viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wa humu nchini wamevifuata kwa miaka mingi vinataka sakafu ya nyumba ya kuishi ihimili takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Ukumbi wa densi unatakiwa kuhimili takriban kilo 500. Tofauti hiyo haikuwekwa kwa mzaha. Watu mia moja walioketi ni mzigo mmoja, na watu mia moja wanaoruka kwa pamoja, mguu mmoja na mdundo mmoja, ni mzigo mwingine kabisa. Mwenye jengo anayebomoa kuta za vyumba vinne ili kupata ukumbi hutoa pia sehemu ya kilichokuwa kikishikilia ghorofa za juu, iwapo kuta hizo zilibeba uzito.

Wakazi wa Eastlands hawahitaji kufafanuliwa maana ya jengo kuanguka. Usiku wa Aprili 29, 2016, jumba la makazi liliporomoka Huruma baada ya mvua kubwa na zaidi ya watu 50 wakafa. Halikuwa na bendi wala baa.

Ipo njia ambayo Nairobi iliwahi kuijua. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana walikuwa na bugi za Jumapili alasiri, wakicheza mchana na kurejea nyumbani kabla ya giza. Sheria ya pombe ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliruhusu baa za kawaida kufunguliwa saa nane mchana wikendi, huku vilabu vya usiku vikianza saa moja jioni hadi saa tisa alfajiri. Kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku, kiwango cha kelele kinaposhuka, kuna saa sita. Katika saa hizo bendi nyingi bado ziko njiani, ngoma na spika zikiwa zimerundikwa ndani ya matatu kwenye msongamano wa barabara ya Jogoo.