Kwa nini tembe la udongo la Kwihara, Tabora, linalindwa na sheria?

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, pale Kwihara, kuna tembe jekundu lenye mlango wa nakshi kama ile ya Zanzibar. Wengi wanaliita nyumba ya Livingstone, ingawa yeye alikuwa mgeni tu. Alifika Februari 1872 na Stanley wakitokea Ujiji, akaondoka Agosti mwaka huohuo.

Kwihara ilikuwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Hapo walipita wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Walipita pia watumwa, wakipelekwa pwani.

Ukiliangalia haraka utasema ni nyumba tu. Kumbe ni ngome pia! Kuta zake ni nene, vyumba vinazunguka ua wa ndani, na paa lake bapa la miti limefunikwa udongo, hivyo haliwaki moto kirahisi kama la nyasi. Agosti 1871, wapiganaji wa Mtemi Mirambo walipoivamia Tabora na kuchoma sehemu ya mji, Stanley aliyekuwa anaishi Kwihara alitoboa matundu ya bunduki ukutani, akasubiri. Mirambo hakuja.

Sasa, sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na tembe hili linatajwa kuwa la 1857. Huwezi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali. Majengo ya baadaye hulindwa pale waziri anapoyatangaza.

Shida ni kwamba mvua haijui sheria. Paa la udongo lisipokandikwa upya mara kwa mara, maji yanapenya, miti inaoza, mchwa nao wanamalizia. Kupiga plasta ya saruji kunaonekana suluhisho rahisi, lakini saruji hufungia unyevu ndani na udongo unamomonyoka taratibu nyuma yake. Fundi anayejua kukandika ana kazi kubwa hapa kuliko bango la serikali.

Tangu 2006, Kwihara iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO kama sehemu ya njia ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Orodha hiyo bado si Urithi wa Dunia. Ni foleni tu.